Wikiendi ya gata, pampu inayonguruma na ngazi ya Kipanga: wadau wa Dodoma tukutane hapa

Pima Maji
Ijumaa, saa 3:40 usiku

Mbukwenyi wakuu.

Niko barazani hapa Nkuhungu, joto limegoma kushuka, na kule upande wa Bahi radi zinamulika bila sauti. Radi za Novemba mnazijua wenyewe, zinakutangazia tu kwamba mvua ipo duniani. Ila zimenikumbusha kuwa gata langu, ule mfereji wa kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa, halijaguswa tangu Aprili. Jioni nimepanda kwenye stuli nikachungulia: vumbi limejaa mpaka ukingoni, juu yake kiota cha ndege, mpira wa soksi na ndala moja ya mtoto. Hiyo ndala tuliitafuta Pasaka nzima.

Kazi ya pili ni pampu. Ile ndogo ya nusu hosi, inayosukuma maji kutoka tangi la chini kwenda la mnarani. Jumatano nimeiwasha ikanguruma mmmmm, haizunguki. Nikazima. Fundi mmoja kaja, kainusa (naapa kainusa), kasema mota imeungua, isukwe upya, elfu themanini. Nimemwambia nitampigia. Kabla sijapiga nauliza humu, kuna aliyewahi kuifungua mwenyewe? Tunapandisha maji kwa ndoo siku ya tatu sasa na mama watoto ameanza kuniita kwa jina langu kamili.

Na nyie wikiendi hii mnashika nini?

Waya Mwekundu
Ijumaa, saa 3:58 usiku

Usimpigie. Mota ikiungua kweli haihitaji kunuswa, harufu ya vanishi iliyoungua inawafuata mpaka mezani. Na ikinguruma maana yake umeme unafika. Hapo washukiwa ni wawili: kapasita (kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanza) imechoka, au kuna kitu kimekaba shafti.

Kesho chomoa waya ukutani kabisa, usitegemee swichi. Nyuma ya mota kuna kifuniko cha bati chenye matundu, ndani yake feni ya plastiki. Izungushe kwa kidole. Ikizunguka laini, mshukiwa ni kapasita. Ikigoma kama imepigiliwa misumari, ugonjwa uko mbele, kwenye kichwa.

Angalizo: kapasita inatunza umeme hata ukishachomoa waya. Chukua balbu ya zamani ya nyuzi, iungie waya mbili, gusisha kwenye miguu ya kapasita imalize moto humo. Mwaka juzi nilijifanya mjuaji nikaishika kwa vidole. Nilijikuta nimekaa ndani ya beseni la nguo za kufua, na nguo zilikuwa za mama mkwe.

Pima Maji
Ijumaa, saa 4:05 usiku

Hahaha mkuu, beseni lilikuwa na maji?

Waya Mwekundu
Ijumaa, saa 4:06 usiku

Tuendelee na pampu.

Tembe la Babu
Ijumaa, saa 4:31 usiku

Vijana, mbukwa. Kapasita yenu naiheshimu lakini mimi nasema hiyo ni chumvi.

Maji mengi ya mji huu yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ni maji ya ardhini, yamekaa na mawe muda mrefu, yamekula chokaa ya kutosha. Tazama birika lako kwa ndani, tazama matundu ya shawa. Sasa pampu hizo ndogo, impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, inakaa jirani sana na ukuta wake, nafasi yenyewe labda unene wa karatasi. Ukoko kidogo tu umeshakaba. Ikizunguka kila siku inajisugua yenyewe, haina neno. Ikilala wiki moja, kwisha. Je, mlisafiri?

Pima Maji
Ijumaa, saa 4:36 usiku

Mzee una kamera kwangu? Tulikuwa Kondoa msibani siku nane.

Mgeni wa Ilazo
Ijumaa, saa 4:50 usiku

Wakuu salama. Nimehamishiwa huku kikazi kutoka Dar mwezi wa tatu, naomba msinicheke. Vuli za Dodoma zinaanza lini? Nimemuuliza mama mwenye nyumba, kacheka mpaka akashika nguzo.

Mama Cherehani
Ijumaa, saa 4:53 usiku

Mimi pia nimeshika nguzo 😂 Karibu Dodoma mdogo wangu.

Tembe la Babu
Ijumaa, saa 5:10 usiku

Msimcheke mgeni. Kijana, vuli na masika umeziacha huko pwani. Kanda ya Kati tuna msimu mmoja tu, hata watu wa Hali ya Hewa wakitangaza utabiri wetu wanasema mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Hapa mjini mara nyingi inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba yenyewe, na Januari au Februari inaweza kukata wiki mbili tatu, mahindi yakajikunja kama sigara. Ndiyo maana wazee wetu walishika mtama na uwele. Mwaka mzima tunapata kama milimita 570 hivi, basi. Kuanzia Mei mpaka Oktoba ni upepo, vumbi, na Julai baridi ya kulala na sweta.

Hizi siku ndizo siku za paa. Babu yangu alikuwa na tembe, kule Chamwino vijijini. Paa la tembe ni bapa: magogo, fito, nyasi, halafu udongo juu yake. Kiangazi chote jua linaupasua ule udongo. Ikifika wakati kama huu alikuwa anatupandisha watoto juu, tunapokezana ndoo za udongo mbichi, yeye anatembea taratibu anasikiliza kwa nyayo. Akifika mahali anasimama, anasema "hapa panalia". Kweli, hapo ndipo palikuwa pakivuja. Mimi nina bati geji 28 na nina miwani, na sijawahi kujua panapovuja mpaka godoro lilowe.

Kipanga wa Kisasa
Ijumaa, saa 5:22 usiku

Huo msimu mmoja mzee usiutetee sana, elinino ya 1997 kuingia 1998 ilitumalizia mvua za miaka mitatu kwa mkupuo.

Pima Maji, stuli haitakufikisha kwenye gata, itakufikisha hospitali. Nina ngazi ya aluminiamu ya mita nne. Kesho naenda mnadani Msalato kula nyama, nitaipitisha kwako asubuhi. Ila nairudia Jumapili. Narudia kuandika: JUMAPILI. Mara ya mwisho ngazi hii ilizunguka Kizota yote miezi miwili, ikarudi na rangi ya nyumba tatu tofauti.

Mama Cherehani
Ijumaa, saa 5:40 usiku

Na mimi niseme langu kabla sijalala. Kesho nakiamsha cherehani cha marehemu mama, kile cha kukanyaga kwa miguu. Kilikuwa kwa dada yangu Singida miaka sita, kimerudi juzi kwa basi. Gurudumu halisogei hata kwa mikono miwili. Nimefungua kile kifuniko cha juu, ndani kuna kitu cha kahawia kinanata kama bigijii. Nimenusa, wakuu. Kinanukia chipsi.

Nimempigia dada. Anasema kila kilipokuwa kizito alikuwa anakitia mafuta. Mafuta gani? Ya alizeti, si ndiyo yaliyokuwa jikoni.

Waya Mwekundu
Ijumaa, saa 5:44 usiku

Singida na alizeti jamani, watakuja kuitia mpaka kwenye pikipiki.

Dada, mafuta ya kupikia yakikaa yanaganda, halafu vumbi letu linaongezea, inakuwa gundi kamili. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, uache yanyonye, urudie. Usilazimishe gurudumu.

Pima Maji
Jumamosi, saa 3:15 asubuhi

Ngazi imefika. Feni ya pampu nimeijaribu kwa kidole: imegoma kabisa. Mzee Tembe anaongoza moja bila.

Nafungua kichwa. Bolti nne, moja imeshika kutu, nimeitia mafuta ya breki nangoja ilainike. Huku nangoja napanda kwenye gata.

Mgeni wa Ilazo
Jumamosi, saa 3:50 asubuhi

Mimi ni mhasibu, pampu siziwezi, ila nimekaa na kalamu. Nyumba niliyopanga paa lake ni kama mita 10 kwa 9, yaani mita za mraba 90. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 900 juu ya paa langu. Kwa milimita 570 za mzee ni zaidi ya lita 51,000 kwa mwaka! Zinamwagika tu! Kwa nini kila mtu hana gata?

Tembe la Babu
Jumamosi, saa 4:20 asubuhi

Hesabu yako safi, tatizo mvua haijasoma uhasibu. Haiji milimita moja na nusu kila siku ikakukuta na kikombe. Inakuja yote jioni moja, saa nzima inapiga, halafu siku kumi kimya. Tangi lako la lita 2,000 limejaa kwa mvua moja ya milimita 25, zilizobaki zinaenda kuchimba msingi wa jirani. Na sehemu ya hayo maji inaruka nje ya gata au inakaushwa na bati la moto. Ukitaka lita 51,000 nunua kwanza matangi, na kiwanja cha kuyaweka.

Mgeni wa Ilazo
Jumamosi, saa 4:24 asubuhi

Basi hata hizo 2,000 mzee, chumvi si hakuna?

Tembe la Babu
Jumamosi, saa 4:26 asubuhi

Hapo umesema. Chai ya maji ya mvua na chai ya maji ya bomba ni vinywaji viwili tofauti. Na sabuni inatoa povu mpaka unaona aibu.

Pima Maji
Jumamosi, saa 7:05 mchana

Nimeshuka kupumua. Bati limefika mahali huwezi kuweka kiganja, lazima uweke gunia lililoloweshwa ndipo uegemee. Nimetoa vumbi ndoo tano, si utani. Nimelipeleka kwenye mchicha wa mama watoto, kidogo amerudi kuniita baba fulani.

Ila nimegundua kitu. Nimemwaga maji jagi moja kwenye gata kujaribu, yakasimama katikati, yakafikiria, yakarudi nyuma. Yule aliyefunga aliliweka sambamba na bati, kwa macho linapendeza kabisa. Nilitegemea pima maji yangu (jina nimelipata wapi mnadhani), lakini kapovu kamekauka. Kuna njia nyingine?

Kipanga wa Kisasa
Jumamosi, saa 7:30 mchana

Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, utoe mapovu yote. Mtu mmoja ashike ncha huku, wewe ncha ile. Maji ya pande zote mbili yanasimama usawa mmoja hata kama kuna kona katikati. Weka alama kwenye fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) pande mbili, halafu upande wa kushushia maji shusha sentimita moja kwa kila mita mbili. Gata la mita 10 linashuka sentimita tano. Kwa macho litaonekana limelegea, mwache jirani aseme. Vuta kamba kati ya alama, funga vishikio kwa kuifuata kamba.

Naandika haya nikiwa na mbavu mkononi hapa Msalato, kwa hiyo makosa ya herufi ni mafuta.

Mama Cherehani
Jumamosi, saa 10:12 jioni

Gurudumu limesogea!! Robo duara!

Nimetumia nusu lita ya mafuta ya taa na miswaki miwili. Kule chini kwenye nyumba ya bobini nimetoa uzi wa rangi ya sare ya shule, ile kijani ya marehemu mama. Alikuwa anatushonea sisi na nusu ya mtaa wa Chang'ombe, Januari alikuwa hafungi taa. Huo uzi nimeuweka kwenye kopo, sijui wa nini.

Mkanda wa ngozi umekauka, umekatika nilipougusa. Nani anajua wanapouza?

Waya Mwekundu
Jumamosi, saa 10:40 jioni

Soko la Majengo, waulize wanaouza vifaa vya cherehani, wanakukatia kwa mita. Nenda na ule wa zamani ulingane unene. Ukivaa mpya usikaze sana, ngozi yenyewe inajivuta ikizoea, utaufupisha baada ya wiki.

Pima Maji
Jumamosi, saa 2:20 usiku

Mrejesho wa pampu.

Ile bolti ya nne ilikubali saa kumi. Kichwa kimefunguka na nimeona jambo. Impela ni duara ya shaba yenye meno madogo ukingoni, ila meno hayaonekani. Yamejaa kitu cheupe kigumu, kama mtu kapaka chokaa akaacha ikauke tabaka juu ya tabaka. Nimekwaruza kwa kucha, wapi. Nimekwaruza kwa bisibisi, kikatoka kipande kama ganda la yai. Nimeitumbukiza kwenye siki ndani ya kopo la blubendi na sasa hivi inachemka yenyewe bila moto, vipovu vinapanda kama soda. Watoto wamevuta viti wanaangalia. Wameikataa katuni.

Mzee Tembe, nyama choma nadaiwa.

Tembe la Babu
Jumamosi, saa 2:45 usiku

Niwekee. Usilale nayo kwenye siki mpaka kesho mchana, asubuhi inatosha, suuza. Kabla hujafunga tazama ule mpira wa duara unaozuia maji kwenye kichwa, ukiwa umepasuka badilisha. Na ukishafunga ijaze maji kwanza kupitia kile kizibo cha juu. Pampu ikizunguka kavu sili inaungua dakika hiyohiyo, hapo ndipo utamhitaji mnusaji wako.

Pima Maji
Jumapili, saa 5:30 asubuhi

Wakuu. Impela imetoka inang'aa kama kikuku cha dhahabu. Nimefunga, nimejaza maji, feni inazunguka kwa kidole kimoja. Nimechomeka waya.

Mmmmmmm.

Haizunguki.

Waya Mwekundu
Jumapili, saa 5:33 asubuhi

ZIMA. Usiiache inanguruma, ndivyo zinavyoungua.

Nyuma ya shafti, katikati ya feni, kuna mfuo wa bisibisi? Chukua bisibisi yenye mpini wa plastiki, washa, isukume kidogo tu, toa mkono. Ikiondoka mbio, nani alisema kapasita?

Pima Maji
Jumapili, saa 5:41 asubuhi

Imeondoka mbio. Moja moja.

Kwa hiyo zilikuwa zote mbili? Nani alitangulia kufa?

Waya Mwekundu
Jumapili, saa 5:44 asubuhi

Hizo kesi mwachie hakimu. Soma ubavuni mwa kapasita, nyingi za nusu hosi ni maikrofaradi 10, volti 450, lakini nunua ileile iliyoandikwa kwenye yako. Usikubali muuzaji akwambie "hii kubwa ndiyo nzuri zaidi". Na balbu usisahau.

Tembe la Babu
Jumapili, saa 6:02 mchana

Sare ya ugenini ni ushindi. Nyama yangu ipo palepale.

Pima Maji
Jumapili, saa 9:15 alasiri

Kapasita elfu sita. Maji yanapanda, nasikia yanavyogonga tangi la juu, sauti tamu kuliko redio. Jumla ya gharama: kapasita elfu sita, siki elfu mbili, mpira wa kichwa buku. Fundi wa pua amenitumia ujumbe "vipi bosi, tufanye sabini?"

Gata nalo limekaa mteremko wake, limelegea kweli kama Kipanga alivyosema, na jirani kashasema. Misumari kumi na moja ya bati imeliwa mpira wake na jua, nimebadilisha. Kona moja ya kuungia sikuifikia vizuri, nimeipaka silikoni kwa kubahatisha.

Kipanga wa Kisasa
Jumapili, saa 9:20 alasiri

Hongera. Naja kuchukua ngazi.

Pima Maji
Jumapili, saa 9:26 alasiri

Ee mkuu… Mgeni wa Ilazo alipita saa saba, akasema anaitumia nusu saa tu.

Mgeni wa Ilazo
Jumapili, saa 9:50 alasiri

Salama mkuu Kipanga! Naimalizia. Nimenunua gata mita 10.

Pima Maji
Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Imepiga jana usiku saa nane! Dakika ishirini tu lakini imepiga. Nimetoka nje na kanga ya mama watoto mabegani, nimechomoa bomba la kuingilia tangini ili maji ya kwanza yapite, maana yalikuwa yanatoka rangi ya chai ya maziwa. Yalipoanza kuwa meupe nikarudisha. Nimesimama pale nasikiliza, udongo unanukia, vyura sijui walikuwa wamejificha wapi miezi saba yote.

Tangi limepata robo. Ile kona ya kubahatisha imevuja vizuri sana, moja kwa moja juu ya ndoo ya mchicha, mtu angedhani nimepanga.

Mama Cherehani
Alhamisi, saa 1:05 asubuhi

Huku Chang'ombe nayo imefika. Nilikuwa macho, nashona. Mkanda mpya unalia kidogo kama kiatu kipya lakini mshono umenyooka. Nimeanza na mapazia. Nikikaa sawa narudi kwenye sare.

Jioni andaeni karai la maji chini ya taa, kumbikumbi hawakosi leo.

Kipanga wa Kisasa
Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Mimi paa limevuja chumbani. Bati moja tu, upande wa mashariki, kazi ya dakika kumi. Naomba NGAZI YANGU.

Mgeni wa Ilazo
Alhamisi, saa 1:42 asubuhi

Mkuu usikasirike. Jirani yangu aliiomba Jumatatu asafishe tangi lake. Jana mchana kasafiri na familia kwenda Mpwapwa, harudi mpaka Jumapili. Nimechungulia kwenye upenyo wa geti, ngazi naiona, imelazwa vizuri ukutani, iko salama kabisa.

Waya Mwekundu
Alhamisi, saa 1:44 asubuhi

Si uruke ukuta uichukue?

Mgeni wa Ilazo
Alhamisi, saa 1:45 asubuhi

Ukuta mrefu. Labda mtu aniazime ngazi.